Kwa nini wako hapa tu? Siri ya misitu iliyovuka ukame wa kale

Mwaka 1991, watafiti waliopiga kambi kwenye misitu ya Milima ya Udzungwa, Tanzania, walikuta miguu ya ndege ndani ya sufuria ya chakula. Haikufanana na miguu ya ndege yeyote waliyemfahamu. Baada ya kufuatilia ndege huyo msituni, walibaini ni aina ya kwale ambaye sayansi haikuwa imemwandika popote. Mwaka 1994 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya: kwale wa msitu wa Udzungwa.

Kilichowashangaza zaidi ni ukoo wake. Watafiti walimfananisha na kwale wa misitu ya milimani ya Asia, si na kwale wa kawaida wanaoonekana mashambani Afrika Mashariki.

Mtoto akisimuliwa habari hiyo huenda akauliza: "Sasa alifikaje huku?" Ni swali zuri, na jibu lake linaeleza mambo mengi kuliko kwale mmoja. Linaeleza kwa nini vyura, vinyonga, tumbili na maua kadhaa ya milima hii hawapatikani mahali pengine popote duniani. Linaeleza pia kwa nini msitu wa aina hii ukifyekwa, hauwezi kurudishwa kwa kupanda miche tu.

Dunia ilipopoa, Afrika ilikauka

Zamani sana, mamilioni ya miaka iliyopita, misitu ya mvua ilienea Afrika kutoka upande wa Bahari ya Atlantiki hadi karibu na Bahari ya Hindi. Baadaye hali ya hewa ya dunia ilianza kupoa na kukauka. Ardhi ya Afrika Mashariki nayo iliinuka, Bonde la Ufa likafunguka, na mvua zikabadilika. Msitu ule mkubwa ukakatika vipande, na katikati yake zikatanda nyasi na miti ya nchi kavu.

Katika miaka milioni mbili na nusu iliyopita, dunia imepita zama za barafu mara nyingi. Ya mwisho ilifikia kilele miaka 20,000 hivi iliyopita. Wakati huo barafu nene ilifunika sehemu kubwa za kaskazini mwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Afrika haikufunikwa, isipokuwa vilele vya milima mirefu, lakini iliguswa kwa njia nyingine. Maji mengi ya dunia yalifungwa kwenye barafu hiyo, na bahari zikashuka kwa takriban mita 120. Kukiwa na baridi zaidi, mvuke uliopanda kutoka baharini ulipungua, na mvua za Afrika zikapungua pia.

Mfano unaoweza kumshangaza mtoto ni Ziwa Victoria. Kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, ziwa hilo lilikauka. Mahali ambapo leo wavuvi wa Mwanza, Kisumu na Entebbe wanatupa nyavu, mtu angeweza kutembea kwa miguu.

Ikiwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika lilikauka, misitu nayo haikusalimika. Sehemu kubwa ya misitu ya mvua ya bara hili ilipungua, mingine ikatoweka, kisha ikarudi mvua ziliporudi. Kila ilipopungua, viumbe waliotegemea unyevu walipotea pia. Hii ni sababu mojawapo kubwa inayofanya misitu ya mvua ya Afrika, kwa jumla, kuwa na aina chache za mimea kuliko ile ya Amerika Kusini na Asia ya Kusini-Mashariki.

Minazi, michikichi, mivumo na jamaa zake ni mfano mzuri. Bara zima la Afrika lina aina chini ya 70 za asili za ukoo huo. Kisiwa cha Madagaska peke yake kina karibu 200. Mimea ya ukoo huu mingi hupenda joto na unyevu wa kudumu, na Afrika bara haikuwa na unyevu wa kudumu kila mahali.

Isipokuwa katika maeneo machache.

Milima iliyobaki na mvua yake

Moja ya maeneo hayo ni Milima ya Tao la Mashariki. Hii ni safu ya milima 13 iliyojipanga kama upinde kuanzia Taita, kusini mwa Kenya, kupitia Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge nchini Tanzania. Wengi huiona kwa mbali wakiwa ndani ya basi, kati ya Moshi na Korogwe au wanapoikaribia Morogoro, bila kujua wanapita mbele ya nini.

Milima hii ni ya kale sana. Miamba yake ina mamia ya mamilioni ya miaka, na watafiti wengi hukadiria kuwa ilianza kuinuka si chini ya miaka milioni 30 iliyopita. Linganisha na Kilimanjaro. Mlima huo una urefu wa mita 5,895, unaipita mbali milima yote ya Tao la Mashariki, lakini ni volkano changa yenye umri usiofika miaka milioni 3. Pamoja na ukubwa wake wote, Kilimanjaro ina viumbe wachache zaidi wa peke yake kuliko Usambara au Udzungwa. Urefu pekee haukutosha kuwapa viumbe nafasi ya kuwa tofauti. Walihitaji muda.

Muda nao peke yake usingefaa kitu bila mvua. Bahati ya milima hii ni jirani yake, Bahari ya Hindi. Pepo za baharini huja zimebeba unyevu, zikigonga kuta za milima zinalazimika kupanda, hewa inapoa, na unyevu unageuka kuwa mawingu, ukungu na mvua. Hata dunia ilipopoa, sehemu hii ya bahari haikubadilika kiasi cha kuikatia milima unyevu kabisa. Kwa hiyo nchi za chini zilipogeuka kuwa nyasi, miteremko ya mashariki ya milima hii iliendelea kulowa.

Kanga iliyoloweshwa na kuanikwa juani inaeleza jambo hili vizuri. Haikauki yote kwa pamoja. Sehemu zilizo wazi hukauka kwanza, lakini kwenye mikunjo, ambako jua halifiki, unyevu hubaki muda mrefu. Milima ya Tao la Mashariki ilikuwa mikunjo ya kanga hiyo.

Ushahidi uliolala kwenye tope

Wanasayansi wanajuaje habari za msitu wa miaka 20,000 iliyopita, wakati hakuna aliyekuwepo kuuandika?

Jibu liko kwenye vinamasi. Mimea inapochanua hutoa chavua, unga mwembamba unaopeperushwa na upepo. Chavua ikiangukia kwenye kinamasi huzama, hufunikwa na tope, na kwa kuwa ndani ya tope hakuna hewa ya kutosha, haiozi. Mwaka unaofuata chavua nyingine hukaa juu yake. Miaka ikipita, kinamasi kinakuwa kama daftari: ukurasa wa juu ni wa juzi, ukurasa wa chini ni wa kale.

Watafiti huzamisha bomba refu, huchomoa nguzo ya tope, kisha huangalia kila tabaka kwa hadubini. Chavua ya mti wa msituni haifanani na ya nyasi, hivyo hujua ni mimea gani ilitawala wakati gani. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 na 2009, tope la vinamasi vya Udzungwa na Uluguru lilirudisha kumbukumbu nyuma hadi miaka 48,000 hivi. Kurasa zake zinaonyesha mabadiliko, baadhi ya miti ikipanda na kushuka mlimani kadiri baridi ilivyoongezeka au kupungua. Lakini msitu wenyewe haukutoweka, hata katika kilele cha zama za barafu.

Kila mlima na wake

Sasa fikiria chura mdogo anayehitaji majani yenye unyevu saa zote, akiishi juu ya Uluguru. Nchi ya chini imekauka. Kati yake na jamaa zake wa Nguru kuna maili nyingi za nyasi na jua kali. Hawezi kuvuka. Kwake yeye, mlima umekuwa kisiwa.

Visiwa vya baharini hutoa funzo lilelile. Bahari ilipokuwa chini kwa mita 120, Unguja iliungana na bara, na wanyama wangeweza kupita. Pemba imezungukwa na mkondo wenye kina kirefu, hivyo ilibaki kisiwa. Ndiyo maana Pemba ina popo wake mkubwa na aina kadhaa za ndege, akiwamo bundi mdogo, ambao hawapatikani kwingine.

Kundi likitengwa kwa maelfu ya vizazi, tofauti ndogondogo hujikusanya. Rangi hubadilika, mlio hubadilika, umbo hubadilika, mpaka siku moja makundi mawili yaliyotoka kwa babu mmoja hayawezi tena kuzaana. Hapo yamekuwa spishi mbili. Ukame uliotenganisha misitu, na mvua iliyoilinda, vilifanya kazi pamoja: kimoja kiliwatenga viumbe, kingine kiliwaweka hai.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2007 ilionyesha kuwa milima hii ina karibu aina 100 za wanyama wenye uti wa mgongo na aina zisizopungua 800 za mimea ambazo hazipatikani mahali pengine duniani. Tangu hapo orodha imeendelea kurefuka. Baadhi yao ni hawa:

- Vyura wa kundi la Nectophrynoides. Vyura wengi hutaga mayai majini, lakini hawa huzaa vyura wadogo waliokamilika. Wapo zaidi ya aina 10, wote wa Tanzania, na wengi wao kila aina ina mlima wake.
- Sange wa Udzungwa mwenye uso wa kijivu. Alinaswa na kamera ya msituni mwaka 2005 na kutangazwa mwaka 2008. Ana uzito wa takriban gramu 700, mkubwa kuliko sange wengine wote.
- Ua la Usambara, ambalo leo hupambwa madirishani Ulaya na Marekani. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao kutoka Usambara mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia.
- Ndege wadogo wa Taita, upande wa Kenya, ambao dunia nzima wamebaki kwenye vipande vichache vya msitu juu ya vilima hivyo.
- Vinyonga wa kundi la Kinyongia, walioenea katika milima ya Afrika Mashariki na jirani zake, baadhi yao wakiwa na mlima mmoja tu. Jina hilo la kisayansi limetoka moja kwa moja kwenye neno la Kiswahili, kinyonga.

Katika orodha kama hii wamo wazee na wamo vijana. Kwale wa Udzungwa anahesabiwa miongoni mwa wazee: mabaki ya ukoo ulioenea zamani, misitu ilipokuwa na njia kati ya Afrika na Asia, kisha ukafutika katikati na kubaki pembeni. Hilo ndilo jibu la swali la mtoto. Kwale huyo hakusafiri juzi kutoka Asia. Yeye ndiye aliyebaki, wengine wa njiani wakapotea. Wengine, kama baadhi ya vyura na vinyonga, ni spishi changa zilizozaliwa humu humu milimani. Misitu hii ni ghala la vya kale na kitalu cha vipya kwa wakati mmoja.

Somo la Kihansi

Viumbe waliozoea utulivu wa muda mrefu wana udhaifu mmoja: hawakujifunza kuhama.

Hadithi ya chura wa Kihansi inaonyesha hilo. Chura huyu wa rangi ya manjano, asiyefika sentimita 3, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, Udzungwa. Makazi yake yote yalikuwa eneo la takriban hekta 2, sawa na viwanja vitatu hivi vya mpira, palipoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko ya maji.

Wakati huohuo Tanzania ilikuwa ikijenga bwawa la umeme mtoni humo. Nchi ilikuwa na njaa ya umeme, na mitambo ya Kihansi ingetoa megawati 180. Uzalishaji ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, sehemu kubwa ya maji, karibu asilimia 90, iliacha kupita kwenye maporomoko. Manyunyu yakakoma. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni mabomba ya kunyunyizia maji yalifungwa, na kwa muda hali ilionekana kuwa nafuu. Kisha ugonjwa wa kuvu ukaingia, na vyura wakaisha. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka katika mazingira yake ya asili.

Kizazi cha wale waliosafirishwa kiliendelea kulelewa ughaibuni. Baadhi walirudishwa Dar es Salaam kwenye maabara maalumu ya Chuo Kikuu, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza.

Familia nyingi zinazosoma habari hii zinatumia umeme wa gridi, na hakuna anayetaka kurudi kwenye kibatari. Lakini hesabu ya Kihansi ni ya kukumbukwa: unyevu uliodumu kupita zama za barafu ulikatika kwa kufunga mlango mmoja wa maji, na kuurudisha kumechukua miaka, fedha nyingi na mataifa mawili.

Miche haileti umri

Leo kimebaki chini ya theluthi moja ya msitu uliokuwepo kwenye Milima ya Tao la Mashariki. Mingine iligeuzwa mashamba, mingine ilikatwa mbao na mkaa, mingine iliungua. Msitu ulioshinda ukame wa kale haukuzoea moto wala panga.

Watoto hufundishwa shuleni kupanda miti, na ni jambo jema. Misaji, mikaratusi na misindano hutoa nguzo, mbao na kuni, na hupunguza shinikizo kwenye msitu wa asili. Ila ni vizuri mtoto ajue tofauti. Shamba la miti la miaka 20 lina miti. Msitu wa Amani au wa Udzungwa una miti, kuvu, vyura, wadudu na ndege waliozoeana kwa muda ambao hauwezi kuhesabiwa kwa vizazi vya binadamu. Kupanda kunaongeza miti. Umri hauongezeki kwa kupanda, unaongezeka kwa kuacha.

Faida yake nayo haiko mbali na nyumbani. Mto Ruvu, unaowapa maji wakazi wengi wa Dar es Salaam, unapata maji mengi kutoka Uluguru. Mto Zigi unaohudumia Tanga unatoka Usambara Mashariki. Ukungu uleule uliomlinda chura ndio unaojaza ndoo bombani.

Namna ya kumweleza mtoto

Si lazima mzazi awe mwalimu wa baiolojia. Mambo haya yanawezekana nyumbani:

- Sufuria na mfuniko. Mzazi achemshe maji, ainue mfuniko uliokuwa pembeni na kuushika juu ya mvuke, mtoto akiwa mbali kidogo. Matone yatakayojikusanya ni mvua ya Usambara: sufuria ni bahari, mfuniko baridi ni mlima.
- Kanga mbichi. Ianikwe ikiwa na mikunjo. Kila baada ya nusu saa mtoto aguse sehemu tofauti na aseme wapi bado pabichi. Hapo ndipo msitu ulipobaki.
- Ramani. Mtoto achore Tanzania na kusini mwa Kenya, aweke milima 13 kama visiwa, kisha ampe kila mlima mnyama wake.
- Safari. Wanaoweza wanaweza kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, au Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, Muheza. Mtoto asikilize zaidi ya kutazama, kwa sababu wakazi wengi wa msituni husikika kabla ya kuonekana.
- Majina. Babu na bibi waliokulia karibu na misitu waulizwe majina ya miti, ndege na wanyama kwa lugha ya nyumbani, na mtoto ayaandike.

Hili la mwisho lisidharauliwe. Mwaka 2005 dunia ya sayansi ilitangaziwa tumbili mpya kutoka Rungwe na msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Baada ya uchunguzi zaidi alionekana kuwa wa pekee kiasi cha kupewa jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa tumbili wa Afrika kwa zaidi ya miaka 80. Watafiti walianza kumtafuta baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa Rungwe. Kwa Wanyakyusa alikuwa na jina tayari: kipunji.